Mandhari ya Kubeba Begani

Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa kwa awamu Januari 2024, umeyapa maigizo ya shule uzito ambao kwa miaka mingi hayakuwa nao. Shule za msingi sasa zina somo la Sanaa na Michezo, na sekondari sanaa za maonesho zinahesabiwa kuwa somo kama masomo mengine. Walimu wengi wa vijijini wamelipokea jambo hili kwa furaha iliyochanganyika na wasiwasi, na wasiwasi wenyewe mara nyingi hauhusu tamthiliya ipi ichaguliwe. Unahusu mbao. Shule haina ukumbi, haina jukwaa, haina fungu la kumlipa fundi. Nyuma ya waigizaji pawekwe nini, na kitu hicho kitafikaje shule ya jirani, wilayani au mkoani? Swali hilo limeniamshia kumbukumbu za miaka niliyosimamia vikundi vya sanaa katika shule za Puge na vijiji vinavyoizunguka, wilayani Nzega, na kunikumbusha kwamba tulilijibu kwa vitendo kabla hatujapata maneno ya kulielezea. Hoja yangu ni kwamba mandhari nyepesi, inayofunguka vipande na kubebwa na wanafunzi wenyewe, haikuwa kiraka cha kufunika umaskini wa shule zetu. Ndiyo mandhari inayoifaa shule, na ingeifaa hata kama fedha zingekuwa tele.

Puge iko kando ya barabara itokayo Tabora kwenda Nzega, katika nchi ya Wanyamwezi, mpunga ukiwa mabondeni na mahindi, karanga na pamba zikiwa kwenye miinuko. Shule zake zimetawanyika, na kati ya shule moja na nyingine kuna mwendo wa miguu au wa baiskeli unaomtosha mtoto kuchoka. Katika miaka hiyo maigizo ya shule yaliishi kwa kusafiri. Yalichezwa kwenye mahafali ya darasa la saba Septemba, kwenye Siku ya Mtoto wa Afrika tarehe 16 Juni, kwenye Nane Nane, kwenye ugeni wa viongozi, na kwa shule zilizopenya, kwenye ngazi za mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, na ya sekondari, UMISSETA. Hakuna hata moja kati ya hafla hizo iliyokuwa na jukwaa linalofanana na la mwenzake. Leo kivuli cha mwembe, kesho uwanja wa mpira wenye jua la saa nane, keshokutwa darasa lililotolewa madawati. Jambo la kwanza nililojifunza katika hali hiyo ni kwamba mandhari ya shule hujengwa kwa ajili ya mahali ambapo mjenzi hajapaona. Fundi wa ukumbi wa mjini hupima ukuta wake kwanza, ndipo akate mbao. Mwalimu wa kijijini anakata mbao bila kujua kama atapata ukuta, sakafu, umeme au hata pande tatu za kuzuia watazamaji wasimzunguke. Kila uamuzi wa ujenzi unapaswa kuanzia kwenye kutojua huko.

Kizazi cha walimu walionitangulia kilikwepa tatizo hili kwa kutojenga chochote. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 ngonjera zilienea shuleni, kwa kiasi kikubwa kwa juhudi za Mathias Mnyampala, na ngonjera haihitaji zaidi ya watoto wawili wanaojibizana, sauti zao na watu wa kusikiliza. Niliikuta desturi hiyo ikiwa bado hai, na niliiheshimu, kwa sababu ilimfundisha mtoto kusimama mbele za watu na kusema kwa ufasaha. Lakini igizo lenye visa, lenye nyumba na njia, lenye mtu anayefika na mwingine anayekimbia, lilipata shida mahali penye uwazi mtupu. Mwigizaji asiye na mahali pa kujificha kabla ya kutokea hawezi kutokea. Anakuwa ameshaonekana tangu mwanzo, amesimama pembeni akingoja zamu. Sauti nayo ilipotelea uwanjani. Kutokana na hayo tulianza kutafuta kwanza kile ambacho mahali penyewe pangetupa bure: ukuta wa darasa ulio upande wa pili wa upepo, ambao huirudisha sauti kwa watazamaji, au kichuguu, au ua wa minyaa. Kilichobaki baada ya hapo, yaani mahali pa kutokea na pa kuingilia, pamoja na ishara moja au mbili za kusema tupo nyumbani kwa nani, ndicho kilichohitaji kujengwa. Hitaji la kweli la igizo la shule lilikuwa dogo kuliko tulivyodhani, ila lilikuwa hitaji la kweli.

Kisha ukaja wakati ambapo shule kadhaa, zikisaidiwa na wafadhili au wazazi wenye uwezo, zilijenga mandhari kubwa. Fremu za mbao za mbili kwa mbili, urefu wa mita 2.4 na upana wa mita 1.2, zikapigwa plaiwudi ya milimita 6 na kupakwa rangi ya mafuta, zikaonesha nyumba yenye madirisha na mlango unaofunguka. Zilipendeza, na waliozijenga walistahili sifa. Lakini hesabu ya uzito haina huruma. Fremu ya ukubwa huo, ikiwa na mhimili mmoja katikati, inakula zaidi ya mita 8 za mbao. Kwa paini iliyokauka hiyo ni kama kilo 10, na plaiwudi inaongeza kilo 10 nyingine. Kipande kimoja hakipungui kilo 20, na nyumba yenye kuta tatu inahitaji vipande sita au zaidi. Mzigo huo unadai lori. Lori likikosekana, igizo halitoki. Ndivyo ilivyokuwa: tamthiliya zilizofanyiwa mazoezi kwa miezi zilichezwa siku moja ya mahafali, kuta zikaegeshwa stoo, mchwa wakamaliza kazi. Wanafunzi waliokuwa tayari kucheza katika vijiji vitano walicheza katika kimoja, kwa sababu nyumba yao ya plaiwudi haikuweza kusafiri. Somo la kipindi hicho kwangu ni kwamba uzito wa mandhari hulipwa na watazamaji ambao hawakufikiwa. Gharama hiyo haiandikwi kwenye risiti yoyote, na ndiyo maana husahaulika kirahisi.

Ajabu ni kwamba jambo hili lilitokea katika nchi ambayo watu wake walikuwa mabingwa wa kusafirisha vitu. Katika karne ya 19 Wanyamwezi ndio waliokuwa uti wa mgongo wa misafara kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, na njia za kwenda kaskazini kuelekea Usukuma na ziwani zilipita katika nchi hiihii. Njia hizo zilikuwa pia njia za utumwa na za mateso mengi, na sitaki kuzipamba. Lakini ufundi wa wapagazi ni urithi wetu, nao una kanuni. Mzigo wa mpagazi ulikadiriwa kuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mbali na mkeka, chungu na vitu vyake mwenyewe. Vitambaa vilikazwa kuwa robota refu la kukaa begani. Masango, yaani nyaya za shaba, yalifungwa kwenye ncha mbili za mti ili uzito ujisawazishe. Ushanga ulijazwa kwenye mifuko myembamba. Umbo la mzigo liliamuliwa na mwili wa atakayeubeba. Na msafara haukubeba kila kitu: ulibeba kile kisichopatikana mbele ya safari, na chakula kwa sehemu kubwa kilinunuliwa njiani kwa vitambaa na ushanga huohuo. Kanuni hizo mbili, kwamba kipimo cha mzigo ni mbebaji na kwamba kinachobebwa ni kile ambacho uendako hakipo, zinatosha kuwa sura nzima ya kitabu cha ujenzi wa mandhari za shule.

Hata vitu vikubwa kabisa vilipita katika nchi hii kwa kanuni hizo. Mwaka 1874 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo na mashua ya mbao iitwayo Lady Alice, urefu wake kama mita 12, ambayo ilikuwa imetengenezwa kwa vipande. Vilipoonekana kuwa vizito mno kwa wabebaji, vilikatwa tena nusu huko Zanzibar kabla ya safari, na mwanzoni mwa 1875 mashua hiyo ikaelea kwenye Ziwa Nyanza. Miaka 40 baadaye meli ya Kijerumani Graf von Götzen, ambayo leo tunaijua kama MV Liemba, ilijengwa Papenburg, ikafunguliwa na kutiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikapita kwa reli ya kati kupitia Tabora hadi Kigoma, na kuunganishwa upya kando ya Ziwa Tanganyika. Ninaitaja mifano hii kwa sababu ya jambo moja la kiufundi ambalo walimu hulipuuza: kitu cha vipande kinasimama au kuanguka kwa alama zake. Meli ya maelfu ya masanduku haiunganiki kama masanduku hayana namba. Vivyo hivyo fremu tisa za igizo la shule, zisipoandikwa nyuma kwa rangi kwamba hii ni kushoto ya kwanza na hii ni kushoto ya pili, zitawachelewesha wanafunzi mbele ya watazamaji wanaopiga miluzi. Mpangilio ni sehemu ya wepesi. Kitu chepesi kinachochukua nusu saa kukisimamisha ni kizito kwa namna nyingine.

Fremu tuliyoifikia baada ya majaribio ya shule mbalimbali inafaa kuelezwa kwa karibu, maana hoja hii haina thamani isipoweza kushikwa kwa mkono. Urefu wake ni mita 1.8 na upana sentimita 90. Urefu huo unatosha kumficha mwanafunzi, na vipimo vyote viwili vinapita kwenye mlango wa darasa na kulala kwenye guta, au juu ya keria ya basi, bila kuning'inia sana. Mbao ni za paini, moja kwa mbili, zimekatwa kwa urefu wake na hazikutobolewa matundu ya kuchomekana, kwa sababu tundu hudhoofisha ubao mwembamba. Kila kona imeshikwa na pembetatu ndogo ya plaiwudi iliyogundishwa na kupigiwa misumari mifupi. Juu yake huvutwa merikani, kitambaa kilekile kilichokuwa mzigo mkuu wa misafara, kikapakwa uji mwepesi wa unga wa muhogo ili kikaze kama ngozi ya ngoma. Kikikauka hupokea rangi bila kuinywa yote: chokaa kwa nyeupe, udongo mwekundu, masizi yaliyosuguliwa na maji ya gundi. Fremu kama hiyo ina uzito wa kilo 4 hadi 5. Mtoto wa darasa la sita anaishika kwa mkono mmoja. Fremu hufungwa tatu tatu kwa bawaba za ngozi au turubai, na husimama zenyewe kwa kukunjwa mithili ya herufi Z, bila nguzo ya nyuma. Kinachoziunganisha kundi na kundi ni ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, uleule unaofunga gunia la mkaa kwenye keria. Hakuna msumari unaopigwa mahali pa maonesho na hakuna nyundo inayosahaulika.

Adui wa fremu hii ni upepo, na hapa wepesi unaonekana kujipinga wenyewe. Majira ya kiangazi, Juni hadi Septemba, ndiyo majira ya maigizo mengi, na ndiyo majira ya upepo na vumbi. Upepo wa mita 8 kwa sekunde, ambao si dhoruba, husukuma fremu ya vipimo nilivyotaja kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 7 au 8. Fremu ya kilo 5 haiwezi kushindana nao. Jibu la haraka ni kuongeza mbao, na ndilo jibu linaloturudisha kwenye lori. Jibu la kanuni ya msafara ni kuuacha uzito uliko. Kila fremu husafiri na kiroba kitupu kilichokunjwa. Ikifika, kiroba kinajazwa mchanga au udongo wa palepale, kinalazwa juu ya ubao wa chini, na maonesho yakiisha kinamwagwa. Kilo 10 au 15 zinazoishikilia fremu hazijabebwa na mtu yeyote hatua hata moja. Pamoja na hilo, baadhi ya fremu huachwa wazi sehemu ya juu na kusukwa fito au mabua kwa nafasi, upepo upite. Kwa mtazamaji aliye hatua kumi mbele, ua wa fito chache ni ua kamili. Katika mambo yote niliyoyaona kwenye maigizo ya shule, hili la kiroba ndilo lililowafundisha wanafunzi fizikia ya uzito na msawazo bila kutaja jina la somo.

Historia ya maigizo ya Afrika Mashariki inaunga mkono upande huu. Mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere, wakiwa na mwalimu wao David Cook, walianzisha kikundi cha maigizo cha kusafiri ambacho kilicheza bila kiingilio mijini na vijijini, katika lugha kadhaa zikiwemo Kiswahili na Kiganda. Mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Nairobi kikapata kikundi cha aina hiyo, John Ruganda akiwa mmoja wa nguzo zake. Hapa kwetu, Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliipeleka sanaa ya maonesho kijijini Malya, mkoani Mwanza, katika miaka ya 1982 na 1983, na wanakijiji wakaitumia kujadili matatizo yao wenyewe, likiwemo la mimba za wasichana wa shule. Kuanzia 1996 mradi wa Tuseme ukawapa wasichana wa sekondari nafasi ya kuigiza yanayowakwamisha katika masomo. Kazi zote hizo zilifika zilikofika kwa sababu hazikufungwa kwenye jengo. Kenya inatupa upande wa pili wa ushahidi. Huko Kamirithu, Limuru, wananchi walijenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wa watu zaidi ya 2,000. Mwaka 1977 mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii ukapigwa marufuku baada ya wiki chache, na mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa na dola. Sisemi kwamba vijiji visijenge kumbi. Ninasema kwamba igizo linalotegemea jengo moja lina mahali pamoja pa kuuawa, iwe kwa tingatinga, kwa mchwa au kwa kukosa bajeti ya bati.

Wapo watakaosema kwamba mifano hiyohiyo inaniangusha, kwa kuwa Malya na Tuseme hazikuhitaji fremu za merikani, na kwamba sanaa za Kiafrika tangu jadi zilichezwa kwenye uwanja mtupu, hivyo mandhari ni mazoea ya kigeni. Ni pingamizi zito, na nusu yake naikubali: igizo linaloweza kusimama bila kitu lisiongezewe kitu. Lakini si kweli kwamba wazee wetu hawakubeba chochote. Vyama vya ngoma vya Wasukuma na Wanyamwezi, Bagalu na Bagika wakiwa maarufu zaidi, vilishindana baada ya mavuno kuvuta umati, na silaha zao zilikuwa vitu vya kubebeka: majembe yaliyochezwa kwa ustadi, nyoka waliotolewa kwenye vikapu, sanamu za mbao zenye viungo vinavyocheza. Makumbusho ya Bujora, karibu na Mwanza, yanahifadhi kumbukumbu ya ushindani huo. Ufundi wa kuchagua kitu kimoja chepesi kinachogeuza uwanja kuwa ulimwengu mwingine ni wa kwetu kabisa. Tamthiliya zetu nazo zinauomba. Katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka 1969, kuna maji yanayommeza mtu na kumrudisha. Kitambaa kirefu cha buluu kinachoshikwa na wanafunzi wawili, huku na huku, hutosha kuwa maji hayo, na hukunjwa kikaingia mfukoni. Katika Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba, kuta za mji wa Mzee Mitomingi zina umuhimu mdogo kuliko karatasi za kuhesabia watu; ni karatasi hizo ambazo mtazamaji lazima azione, azihofie, ashuhudie mwisho wake. Mwalimu anayejua hilo atatumia fedha yake kwenye mkoba na karatasi, na ukuta utamtosha fremu mbili.

Pingamizi la pili ni la hadhi. Mzazi aliyechangia anataka kuona kitu kikubwa. Waamuzi wa mashindano, wasemaji husema, huvutiwa na nyumba iliyokamilika kuliko kitambaa kilichopakwa udongo. Kenya, ambako mashindano ya maigizo ya shule na vyuo yana historia tangu 1959, inaonesha jinsi mandhari inavyoweza kufika mbali kwa ubora, na pia jinsi shule yenye mkoba mnene inavyoweza kuingia na shehena ambayo shule ya kijijini haiwezi kuifuata. Hapa ndipo ninapoona haja ya waandaaji wa mashindano yetu kuweka kanuni: mandhari ya shule ibebwe na wanafunzi wanaoigiza, isimamishwe nao kwa dakika chache zilizopangwa, na muda huo uhesabiwe katika alama. Kanuni hiyo haiondoi uzuri. Inauhamishia kwenye ubunifu, ambao mtoto wa Puge anao sawa na mtoto wa Dar es Salaam. Na kuhusu macho ya mzazi, uzoefu wa miaka ile ulionesha kwamba anayeguswa na igizo hakumbuki plaiwudi. Anachotaka ni kumwona mwanawe, kumsikia, na kuelewa kisa. Fremu nyepesi zilizopangwa vizuri zinatimiza yote matatu, maana zinamweka mtoto mbele ya kitu tulivu chenye rangi moja badala ya umati wa watu wanaopita nyuma yake.

Pingamizi la tatu ni la uimara, la muda na la miti. Ni kweli kwamba merikani huchanika, uji wa muhogo huvutia panya na mende, na mvua za Novemba zikianza kitambaa kisichotunzwa huota ukungu. Lakini linganisha ukarabati. Plaiwudi iliyopasuka hununuliwa nyingine mjini. Merikani iliyochanika hushonwa na wanafunzi, au kipande chake hubadilishwa na viroba vilivyofumuliwa na kuunganishwa, vinavyopatikana kila nyumba. Fremu zikitundikwa darini na kuwekewa majani ya mwarobaini, huishi miaka kadhaa. Kuhusu muda, wapo walimu wakuu wanaohofia kwamba useremala unaiba saa za mitihani. Mimi naona saa hizo zimo ndani ya masomo yenyewe: kupima pembe mraba kwa kulinganisha mishazari miwili, kukokotoa eneo la kitambaa, kukadiria uzito kabla ya kununua mbao, ni hesabu ambayo mwanafunzi anaisahihisha mwenyewe, kwani fremu iliyopinda haisimami. Kuhusu miti, Tabora ina jadi ya kutengeneza vilindo na mizinga kwa magome ya miyombo, vyepesi na vigumu ajabu, na wapo waliopendekeza tuyatumie magome hayo kwenye mandhari. Sishauri. Mti uliomenywa gome kuuzunguka hufa, na igizo la saa moja halistahili kuua mti wa miaka hamsini. Mabua ya mtama na mahindi, ambayo baada ya mavuno huchomwa moto, yanatoa kuta na mapaa ya kupendeza bila kumdai mtu chochote.

Yapo mambo ambayo mandhari nyepesi haiyawezi, na ni haki kuyataja. Haiwezi kubeba mwigizaji. Anayetaka ghorofa au ngazi atafute meza imara. Haifai kuegemewa, na wanafunzi lazima wafundishwe hivyo mapema. Haizuii sauti ya pikipiki inayopita, wala haileti giza la kuficha mabadiliko ya onesho. Igizo linalohitaji hayo linahitaji ukumbi, na ni vema serikali na halmashauri ziendelee kujenga mabwalo yanayoweza kutumika hivyo. Ila tofauti ya msingi ibaki wazi. Ukumbi huwafaidisha walio karibu nao. Katika kata yenye shule nyingi zilizo mbali mbali, hata bwalo zuri kuliko yote litabaki mali ya shule moja, na watoto wa shule nyingine watalisikia tu. Fremu zinazosafiri ni mali ya kila zinapofika.

Kwa hiyo ninalopendekeza ni jambo linalowezekana ndani ya muhula mmoja. Kila kata iwe na seti moja ya pamoja: fremu tisa za vipimo vilivyo sawa, viroba vyake, mikanda ya mipira, vitambaa vitatu virefu vya rangi tofauti, na daftari la kuazima linalotunzwa na shule mojawapo kwa zamu. Zijengwe na wanafunzi wakisimamiwa na fundi wa kijiji, ambaye alipwe kwa siku zake kama anavyolipwa akitengeneza madawati. Vyuo vya ualimu, na Chuo cha Ualimu Ndala hakiko mbali na Puge, viwafundishe walimu tarajali kuijenga fremu moja kwa mikono yao kabla ya kufuzu, ili mwalimu wa Sanaa na Michezo asifike kituoni akiwa na nadharia tupu. Vipimo vikiwa vilevile katika kata zote, fremu ya Puge itafungika na fremu ya jirani, na shule mbili zitaweza kuungana kucheza tamthiliya ambayo kila moja peke yake isingeiweza. Gharama yake ni sehemu ndogo ya gharama ya jukwaa la zege. Faida yake ni kwamba mtoto aliyeandika, akaigiza, akajenga na akabeba anakuwa ameimiliki sanaa yote kuanzia neno hadi msumari, na watu wa kijiji cha mwisho barabarani, ambao hakuna ukumbi utakaojengwa kwao hivi karibuni, wanapata haki ya kuwa watazamaji kama watu wengine.